Micheri iliyotiwa kiberiti

Januari 1910 ilifika Washington zawadi kutoka Japani: miche 2,000 ya micheri, yaani miti ya cheri. Wakaguzi wakaikuta imejaa wadudu na magonjwa, na Rais Taft wa Marekani akaridhia ichomwe yote. Zawadi ya nchi rafiki, ikatiwa kiberiti!

Mwagizaji wa mimea ambaye shehena yake imekwama bandarini hatafarijika kwa kisa hicho, na ana haki. Mche si nondo ya chuma. Ukicheleweshwa unanyauka, na hasara ni yake. Tena anayo hoja nzito zaidi: mkaguzi haoni kila kitu. Bakteria aitwaye Xylella fastidiosa hukaa ndani ya mmea miezi mingi bila dalili yoyote. Aligunduliwa Puglia, Italia, 2013, na mamilioni ya mizeituni imekauka tangu hapo. Watafiti wanaona yaelekea aliingia na mibuni ya mapambo kutoka Amerika ya Kati. Ukaguzi ulikuwapo. Ulizuia nini?

Swali ni la haki, ila jibu lake halimsaidii anayeuliza. Macho yasipotosha, huongezwa maabara, na karantini ambako mche hutunzwa mpaka ugonjwa ujitokeze. Kulegeza ukaguzi tumeshaona kunakofikisha. Marekani haikuwa na sheria ya karantini ya mimea hadi 1912, na miche ya michestnati, miti mikubwa izaayo njugu, kutoka Asia ilikuwa ikiingia bila kuulizwa. Ilionekana mizima kwa sababu imezoeana na kuvu wake. Michestnati ya Marekani haikuwahi kukutana naye. Ugonjwa ukaonekana New York 1904. Katika miaka 50 hivi ikafa miti inayokadiriwa kuwa bilioni 3 hadi 4. Bilioni, si milioni. Msitu mzima uliokuwa ukitoa mbao, na njugu za kulisha watu wa milimani, nguruwe wao na wanyama wa porini. Hadi leo visiki vingine huchipua, chipukizi hukua miaka michache, kuvu humfikia, naye hufa tena.

Ukiweka hayo kwenye mizani, siku chache za bandarini ni nyepesi, ingawa sioni kwa nini ofisi za ukaguzi zifungwe wikendi wakati miche inakauka kwenye kontena. Hapo waagizaji wako sahihi kabisa.

Na micheri? Japani ilituma mingine, zaidi ya 3,000, safari hii ikiwa imeoteshwa kwa uangalifu. Ilifika 1912, ikakaguliwa, ikapandwa.