Vijana watabeba

Jamani mimi ni mlezi wa vijana kanisani kwetu huku Kimara, mwaka wa nne sasa, na kama hujui mlezi wa vijana anafanya nini usijisikie vibaya, hata walionichagua hawajui. Mwanzoni nilidhani ntafundisha neno, ntaombea watoto wa watu, ntasimama mbele na shati la kitenge nikohoe kidogo kabla ya kuongea kama mchungaji. Kumbe kazi ni moja tu, kubeba viti. Kuna msiba, vijana watabeba viti. Kuna harusi, vijana watabeba viti. Askofu anakuja, vijana watabeba viti na turubai na maspika na lile jenereta ambalo halijawahi kuwaka toka nimeokoka. Likishatangazwa hilo ghafla vijana wote wana mitihani, hata aliyemaliza chuo miaka sita iliyopita, tunabaki mimi na katoto kamoja ka darasa la tano kanakopenda tu kuonekana kamebeba kitu. Viti 200. Vya plastiki, unavichomeka kumikumi unaviinua, huoni mbele, unaenda kwa imani.

Na hao vijana wenyewe ni akina nani, tuanzie hapo. Sera ya taifa ya vijana ya 2007 inasema kijana ni wa miaka 15 mpaka 35, safi, imeeleweka. Sasa njoo kwetu. Kuna kaka ana miaka 42, watoto watatu, mkubwa yuko darasa la kipaimara, lakini kila mkutano wa vijana yupo siti ya mbele na daftari. Siku moja nikamvuta pembeni kwa heshima zote, kaka vipi, kwenye umoja wa wanaume hawajakukaribisha? Akaniambia kule mchango wa jengo ni laki mbili, huku ni elfu ishirini, "na mimi mlezi bado nina moyo wa ujana." Nikanyamaza. Ukweli ndo mwanachama pekee anayelipa kwa wakati.

Kinachonimaliza ni kwamba kwa wazee mimi ni mtoto na kwa vijana mimi ni mpelelezi wa wazee. Jumapili ya vijana mwaka jana walisifu, wakachanganya na zile staili za amapiano, kina mama wakapiga vigelegele, mtoto mmoja akavua koti akalizungusha juu. Ibada imeisha tu mzee mmoja wa kanisa kanishika mkono, vile wanavyokushika hawakuachii, "kijana wangu, ile ilikuwa ibada au disko?" Nikarudi kwa vijana nikawaambia jamani kiuno kipungue, wakaangaliana, "mlezi umetumwa eeh." Basi wiki iliyofuata wakasimama kama nguzo za umeme, wanaimba macho yako kwenye feni. Mzee yuleyule, mkono uleule, "kijana wangu, mbona vijana wamepoa, wamerudi nyuma kiroho?" We nijibu, ningesema nini pale?

Hela hamna. Posho yangu ni elfu thelathini kwa mwezi inaitwa ya nauli na nadai tangu Februari. Ninachokula mimi ni kiduka changu cha steshenari, napiga kopi, naprinti, natengeneza CV za watu. Sasa kanisa likishajua una printa umekwisha, ratiba ya mkesha, fomu za semina, maneno ya nyimbo kurasa 12 nakala 80, "printi tu mlezi, Bwana atakulipa." Naamini kabisa atanilipa. Ila yule jamaa wa wino Kariakoo hataki kusikia Bwana atalipa lini.

Halafu simu. Kuna binti alinitumia meseji saa saba na nusu usiku, "shalom mlezi, umelala?" Nikajua hapa kuna roho ya mtu. Nikakaa kitandani, nikawasha taa, nikavuta Biblia, nikajibu sijalala dada yangu, sema. Naona anaandika... anaacha... anaandika tena... dakika kama kumi hivi, na mimi huku kimoyomoyo nishaanza kumwombea. Ikaingia: "eti mlezi sare ya kesho ni nyeupe au damu ya mzee?"

Semina za uchumba ndo hata sitaki kuziongelea. Mwaka wa nne nafundisha namna ya kumpata mwenza, wanafunzi wangu wameshaoana watu kumi na kitu, na mimi ndo nilibeba viti kwenye harusi zote. Mama mmoja kila Jumapili ananiuliza, mwanangu wewe lini? Nacheka tu.

Lakini kilichonifanya leo nikae niandike haya yote ni safari ya Bagamoyo.

Tulikubaliana tuwapeleke vijana Bagamoyo, wakaone kanisa la kale la wamisionari, waogelee, wale pilau, kila mtu elfu ishirini na tano. Si mbali, kilomita 70 hivi. Tukakodi Coaster, kuondoka saa 12 kamili asubuhi, nikaandika KAMILI kwa herufi kubwa kwenye grupu. Saa 12 nipo mimi, dereva, na yule kaka wa miaka 42 na wanawe wawili ambao hawajalipiwa. Nikaanza kupiga simu. Kila mtu yuko njiani. Nampigia mmoja anasema nipo njiani mlezi huku nasikia maji ya ndoo yanamwagika. Tumeondoka saa tatu na dakika arobaini, dereva kanuna, na mama wa mapishi akanikabidhi sufuria kubwa la kanisa, lile la kupikia kilo 20, limeandikwa KANISA ubavuni kwa rangi nyekundu, akaniangalia machoni akasema "mlezi, sufuria."

Bagamoyo kwenyewe pazuri msifanye mchezo. Wamisionari Wakatoliki waliingia pale 1868, na yule kaka aliyetutembeza anajua kuelezea, ila vijana wangu walikuwa wanapigana selfi mbele ya msalaba. Aliyekuwa anasikiliza ni mimi tu na dereva. Akatuonyesha mnara ambao mwili wa Livingstone uliwekwa Februari 1874 kabla ya kupelekwa Zanzibar. Livingstone alifia kule kwa Chitambo, Zambia ya leo, 1873, na watu wake wakiongozwa na Chuma na Susi wakautoa moyo wakauzika chini ya mti, mwili wakaukausha wakaufunga, wakaubeba kwa miguu miezi kama tisa, zaidi ya kilomita 1,500, wakaufikisha pale Bagamoyo. Nikaguswa. Nikawaza, hawa watu walivusha maiti mapori yote yale haikupotea, mimi nimepewa watu 31 hai wenye simu zina chaji.

Nilivyorudi nyumbani nikaenda kusoma mwenyewe mwisho wake, na hapo ndo nilipochoka kabisa. Baada ya kazi yote ile Chuma na Susi wakalipwa chao wakaachwa hukuhuku. Aliyepanda meli na mwili hadi mazishini Uingereza, kati ya waliotoka nao kule, ni Jacob Wainwright, wao wawili walikuja kupelekwa baadaye watu wameshazika. Nikacheka peke yangu dukani mteja akanishangaa. Hao jamaa walikuwa walezi wa vijana wale, hakuna kitu kingine.

Basi jioni tunarudi, nimesimama mlangoni mwa Coaster nahesabu vichwa. Tulikuja 31. Nahesabu, 32. Nikarudia, 32. Dereva akasema wakizidi si shida, shida wakipungua. Nikasema hapana bwana, nikapita siti kwa siti mpaka nyuma kabisa, nikakuta kijana simjui, kavaa tisheti letu la vijana, katulia kabisa na juisi mkononi. Kijana wewe ni nani? Binti aliyekaa pembeni yake ndo akajibu, "mlezi, huyu ni mpendwa tu, tunasali pamoja kwa simu." Mpendwa! Anaishi hukohuko Bagamoyo, anaomba lifti ya Mbezi, kala pilau letu sahani mbili na tisheti la elfu kumi na mbili amevalishwa. Katika purukushani za huyo mpendwa, na kumuuliza maswali, na vijana kushangilia, tukaondoka. Tumefika Kimara saa nne usiku, kila mtoto kachukuliwa na mzazi wake, hakuna aliyezama, hakuna aliyetapika, mimi nikalala usingizi wa watakatifu.

Jumapili asubuhi mzee wa kanisa kanishika mkono. Nikajua anataka kunipongeza. "Kijana wangu, sufuria liko wapi?"

Hakuuliza watoto. Hakuuliza mpendwa. Sufuria.

Jumatatu nimefunga duka, nimepanda daladala mpaka Makumbusho, nimepanda gari la Bagamoyo, nimemtafuta mama aliyetuazima mafiga pale karibu na pwani, nikakuta sufuria letu limejaa maharage linachemka, neno KANISA limeshaungua limebaki KANI. Nikamsubiri auze maharage yote mpaka saa nane, nikanunua na mimi sahani maana njaa, kisha akanidai elfu tano ya ulinzi. Nikalipa. Kwenye gari konda kaniangalia mimi na sufuria, "anko, huyo mwenzio naye ana nauli." Nikasema nalipakata. Akasema hata mtoto mkubwa akipakatwa analipiwa. Nikalipa siti mbili, nimekaa nimelikumbatia lina masizi shati lote, joto la saa tisa, bibi wa siti ya pembeni akanipa pole akidhani nina matatizo ya nyumbani.

Nimefika kanisani saa kumi na mbili jioni, mzee yupo kwenye benchi nje na wenzake wa kamati. Nikalishusha mbele yake. Akaliinamisha, akachungulia ndani, akapitisha kidole, akanusa.

"Asante kijana wangu, Mungu akubariki sana. Na mfuniko?"