Kutoka kambini hadi kiti cha mkuu wa mkoa

Mkoa wa Kagera, Tanzania, ulipewa Meja Jenerali mstaafu Salum Kijuu awe mkuu wake mwaka 2016, na mwaka 2021 ikaja zamu ya Meja Jenerali Charles Mbuge, aliyetoka kuongoza Jeshi la Kujenga Taifa (JKT). Je, mwanajeshi anaifaa kazi ya mkuu wa mkoa?

Wanaounga mkono wana hoja nzito. Kagera inapakana na Uganda, Rwanda na Burundi. Kigoma imebeba wakimbizi kwa miongo mingi. Mtwara iliona kijiji cha Kitaya kikivamiwa Oktoba 2020 na wapiganaji waliovuka mto Ruvuma. Mkuu wa mkoa ndiye mwenyekiti wa kamati ya usalama, anakaa na kamanda wa polisi, uhamiaji na wengineo. Aliyewahi kuongoza kikosi anajua kupima taarifa ya mpakani kabla ya kuchukua hatua. Hilo silipingi hata kidogo.

Shida huanza nje ya kikao hicho. Sehemu kubwa ya kazi ya mkoa iko mikononi mwa watu wasiopokea amri. Madiwani wamechaguliwa na wananchi, na mkurugenzi wa halmashauri, kama mkuu wa mkoa mwenyewe, ameteuliwa na Rais. Tazama kikao cha baraza la madiwani kinachojadili hoja za CAG, yaani kasoro alizoziibua Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Mgeni wa kazi hii hutoa agizo: hoja zote zifungwe ndani ya siku saba. Lakini hoja haifungwi kwa agizo. Hufungwa mkaguzi akishahakiki vielelezo, yaani mkataba, hati ya malipo, risiti, vitabu vya stoo. Ukiwabana watumishi kwa muda usiowezekana, utaletewa majibu marefu yasiyo na kiambatisho, na mwaka unaofuata hoja ileile itarudi. Mkuu wa mkoa makini huuliza kielelezo kiko wapi na nani alisaini, basi.

Hatari kubwa zaidi ni mamlaka ya kuweka mtu ndani kwa saa 48, yaliyomo katika Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997. Yaliwekwa kuzuia uvunjifu wa amani, na mtoa amri anapaswa kuandika sababu. Kumweka mahabusu mhandisi kwa kuwa darasa halijapauliwa si matumizi yake. Kweli, wakuu wa mikoa wa kiraia nao wameyatumia vibaya, kwa hiyo kosa hili si la magwanda peke yake. Ila mtu aliyezoea adhabu za kambini analo la kujifunza upya.

Kisha kuna chama. Enzi ya chama kimoja kambi zilikuwa na matawi na makamisaa wa siasa. Mfumo wa vyama vingi uliporudi 1992, Jakaya Kikwete alistaafu jeshi akiwa Luteni Kanali, akabaki kwenye siasa. Leo Ibara ya 147 ya Katiba inamkataza mwanajeshi kujiunga na chama chochote, ingawa anaruhusiwa kupiga kura. Wakati huohuo mkuu wa mkoa anatarajiwa kusimamia ilani ya chama tawala na kuieleza mbele ya vikao vya chama. Mstaafu hana kikwazo hapo. Aliye bado kazini anabanwa pande zote mbili, na wapinzani wana haki ya kuhoji anamtumikia nani.

Kwa hiyo mstaafu ateuliwe, akishapitishwa kwanza kwenye sheria za serikali za mitaa na taratibu za fedha za halmashauri. Aliye kazini avue magwanda kabla ya kiapo.