Subira ya Mtoto Tunaipima kwa Kipimo Gani?

Nina hakika kwamba stadi zisizo za kiakili, kama vile kujidhibiti, kuvumilia kazi ngumu na kuelewana na wenzake, humfaa mtoto hata baada ya kumaliza shule. Katika mradi wa Perry, ulioanza mwaka 1962 huko Ypsilanti, Marekani, watoto 123 wa familia maskini waligawanywa makundi mawili, moja likapelekwa shule ya awali na jingine lisipelekwe. Waliokwenda walipanda katika vipimo vya akili, kisha tofauti hiyo ikafifia baada ya miaka michache; hata hivyo, ukubwani walipata kipato kizuri zaidi na kukamatwa na polisi mara chache zaidi kuliko wenzao. Mwanauchumi James Heckman anaeleza kwamba sehemu kubwa ya faida hiyo ilitokana na tabia, na hoja yake naiona ina nguvu.

Shaka yangu iko kwenye vipimo vya stadi hizi. Katika jaribio mashuhuri la subira la mwanasaikolojia Walter Mischel, mtoto huachwa na kitu kitamu kimoja, akiahidiwa viwili iwapo atasubiri. Mwaka 2013, Celeste Kidd na wenzake walichapisha utafiti wa watoto 28 ambao kabla ya jaribio hilo waliahidiwa vifaa bora vya kuchorea. Nusu yao waliletewa. Wengine walirudiwa na mtu mzima mikono mitupu, akiomba radhi kwamba havipo. Waliotimiziwa ahadi walisubiri utamu wao kwa wastani wa dakika 12 hivi, na waliovunjiwa dakika 3 tu. Mtoto aliyekula upesi huenda alikuwa na subira ya kutosha, ila hakuwa na sababu ya kumwamini mtu aliyekwisha kumdanganya.

Dodoso la mwalimu, yaani maswali anayojibu kuhusu tabia ya mtoto, nalo lina kasoro yake. Akiulizwa kama mtoto hutulia darasani, mwalimu humlinganisha na watoto anaowaona kila siku, kwa hiyo shule yenye nidhamu kali inaweza kujikuta na alama za chini kuliko shule iliyolegea. (Na nani ameamua kwamba kutulia ndiyo tabia njema ya mtoto wa miaka 5?)

Alama hizi zinaweza kusaidia kulinganisha makundi makubwa ya watoto, mradi mtafiti aeleze pia watu wazima waliowazunguka walikuwa wa namna gani. Kuziandika kwenye ripoti ya mtoto mmoja ni kuzitwisha mzigo zisioweza kuubeba.