Bunduki ya ndani humpiga nani?

Kila zinapoingia habari za watoto kupigwa risasi skuli huko Marekani, barazani kwetu Mji Mkongwe mazungumzo hushika njia ile ile. Mzee mmoja husema wale watu wamerukwa na akili. Kijana humjibu: "Si hivyo, sheikh. Wenzetu wana silaha, ndiyo maana serikali yao haiwachezei." Kahawa inazunguka, na wengi wako na kijana.

Najua wanakotoka. Aliyekuwa Pemba Januari 2001 hahitaji kufundishwa bunduki ya dola inaweza kufanya nini. Watu zaidi ya 30 waliuawa katika maandamano ya upinzani ya tarehe 26 na 27, na wengine zaidi ya 2,000 walipanda vyombo wakakimbilia Shimoni, Kenya. Aliyemzika nduguye siku zile akisema "lau na sisi tungekuwa na chetu mkononi", mimi simkemei. Wala hoja hiyo si ya wahuni. Marekebisho ya Pili ya katiba ya Marekani, ya 1791, yaliandikwa na watu waliotoka kupigana na mfalme, na mwaka 2008, katika kesi ya Heller, Mahakama yao ya Juu ikaamua kuwa mtu binafsi ana haki ya kuweka silaha nyumbani ajilinde.

Ila upande wa udhibiti wa silaha barazani haupewi hata nafasi ya kumaliza sentensi. Unachukuliwa kuwa ni upande wa serikali, au wa waoga, na mjadala wote unakuwa wa jambazi na mwenye nyumba. Basi tazameni hesabu ya Wamarekani wenyewe. Mwaka 2021 walikufa kwa bunduki watu 48,830. Kati yao, 26,328 walijiua.

Hesabu hii sijaweza kuiweka chini. Zaidi ya nusu! Bunduki iliyowekwa kabatini kwa ajili ya jambazi ikamuua aliyeinunua, au mwanawe, katika usiku mmoja wa deni, wa talaka, wa huzuni isiyosemeka. Huku kwetu kujiua hakutajwi. Maiti husitiriwa na sababu husitiriwa nayo. Lakini mitaani tunawajua waliotaka kujidhuru, wakawahiwa, na leo wana watoto na wajukuu. Saa ile hupita. Wanaonusurika, walio wengi sana hawafi kwa mkono wao baadaye. Anayeshika bunduki, takriban mara 9 katika 10, hanusuriki. Sri Lanka walipoanza kupiga marufuku dawa za shamba zenye sumu kali, waliojiua walipungua sana, na umasikini na vita vilikuwa pale pale. Kilichobadilika ni kile kilichokuwa karibu na mkono.

Na ile bunduki ya kuizuia dola? Zile za ghala la polisi Ziwani, Unguja, zilibadilisha mikono kwa usiku mmoja, usiku wa Mapinduzi, Januari 1964. Silaha haimjui mwenyewe. Mwaka 2001, lau kila nyumba ya Micheweni, Pemba, ingekuwa na bunduki, wangekutana na vikosi vyenye magari na risasi zisizokwisha, na makaburi yasingekuwa thelathini na kitu. Hatua tulizopiga baada ya hapo tulizipata kwa kukaa kitako: Muafaka wa CCM na CUF wa Oktoba 2001, kisha kura ya maoni ya Julai 2010, ambapo asilimia 66 walikubali serikali ya umoja wa kitaifa Zanzibar. Imevunjika ikaungwa tena, na maumivu bado yapo.

Mkulima anayemalizwa na kima na nguruwe mwitu ana haja ya kweli, na sheria ya Tanzania ya udhibiti wa silaha ya 2015 inampa mlango wa leseni, akaandikwa daftarini. Sioni dhuluma hapo. Ninachokitaka ni daftari hilo hilo lifunguliwe kwa upande wa pili, wa dola. Askari anayeteremshwa Pemba wakati wa uchaguzi aulizwe anaporudi kambini, na majibu yasomwe hadharani: katoka na risasi ngapi, karudi na ngapi, na zilizopungua zimempiga nani.