Sekunde 10 za mwanangu

Barua ya tatu kutoka shuleni ndiyo iliyonichosha. "Hasikii, hamalizi kazi, akiitwa anajifanya zuzu." Mtoto wa miaka 7, darasa la pili, alishabandikwa majina mengi kuliko tuliyompa nyumbani: mtukutu, mvivu, mzembe. Bibi yake naye akaongeza la kwake, eti kachezewa. Viboko alivikula pia, idadi sitaki kuitaja.

Tukaenda hospitali. Daktari akauliza maswali mawili, akamtazama kijana akizungukazunguka na kiti, akaandika ADHD, yaani tatizo la umakini na kutotulia. Dakika 10 hazikufika. Foleni niliyoiacha nje naijua, kwa hiyo yeye simlaumu sana. Ugomvi wangu ni na ile haraka. Kutotulia, kusahau, kutofuata maelekezo: hizo ni dalili tu, na wenye nazo ni wengi. Mtoto mwenye maji nyuma ya ngoma ya sikio hukaa hivyohivyo darasani. Anayekoroma usiku kucha kwa ajili ya mafindofindo, akaamka hajalala, naye hivyohivyo. ADHD haina kipimo cha damu wala picha. Inatakiwa dalili ziwe zimedumu miezi 6 au zaidi, na zionekane sehemu zaidi ya moja, kwa mfano nyumbani na shuleni. Mwalimu hakuulizwa. Mimi mwenyewe ya nyumbani sikuulizwa.

Jumamosi moja nilikuwa nimempa uji. Kijiko kikafika nusu ya njia kikasimama. Macho yakapanda juu kidogo, kope zikapepesa, midomo ikawa inatafuna hewa. Nikamwita, kimya. Sekunde kama 10, kisha kijiko kikaendelea na safari yake hadi mdomoni, akanywa uji wake kama hakuna kilichotokea. Siku zote nilikuwa naiona hali ile na kuiita kuzubaa. Siku hiyo nikachukua daftari nikawa napiga mstari kila ikitokea. Hadi chakula cha mchana mistari ilikuwa 14.

Nikarekodi mara mbili kwa simu, nikapanda naye treni kutoka Morogoro hadi Dar. Daktari wa huko aliitazama video mara tatu bila kusema neno. Akachana kipande cha karatasi, akakishika mbele ya mdomo wa mwanangu. "Puliza baba, isishuke hiyo." Akapuliza na kupuliza. Dakika ya pili karatasi ikalala. Daktari akamwambia taratibu, "Embe." Mwanangu macho yamepanda juu, anatafuna hewa. Alipozinduka daktari akamuuliza, "Nimekutajia tunda gani?" Akanigeukia mimi, akidhani anaonewa.

Kipimo kizima kilikuwa ni karatasi na pumzi. Ile mashine ya kupima umeme wa ubongo, ya kubandikwa nyaya kichwani, ilikuja baadaye kuthibitisha: mawimbi 3 kwa sekunde, yanaanza ghafla na kukatika ghafla. Ni kifafa cha kuduwaa.

Kifafa! Mimi nilijua kile cha kuanguka na povu. Asili yetu ni Mahenge, na kule neno hilo watu hulisema kwa kunong'ona. Dk. Louise Jilek-Aall, aliyeanzisha kliniki ya kifafa Mahenge miaka ya 1960, alikuta wagonjwa wakiogopwa, na aliandika pia juu ya watoto wanaoinamisha vichwa tu. Ule ni ugonjwa mwingine na huu wa mwanangu, lakini nilishika jambo moja: kifafa si lazima mtu aanguke. Na hata ukishalijua jina, bado halitoshi. Daktari alinieleza kuwa kabamazepini, dawa wanayopewa wengi wenye kifafa, huweza kuzidisha hiki cha kuduwaa. Kwa hiyo ningefika na neno "kifafa" peke yake, huenda ningerudi nyumbani na dawa ya kumwongezea.

Ndiyo maana nasema mzazi asione haya kwenda na daftari na video. Daktari anamwona mtoto robo saa, tena mtoto akiwa amekaa kwa adabu za ugenini. Wewe umekaa naye miaka. Ukiona anapuuza sauti, anza na masikio. Ukiona anakatika katikati ya jambo, hesabu.

Mistari kwenye daftari imepungua wiki baada ya wiki tangu aanze dawa. Sasa naonyesha ukurasa mtupu. Kusoma bado kunamsumbua, na akitumwa vitu viwili anarudi na kimoja. Daktari anasema kwa baadhi ya watoto wa namna hii umakini hubaki na shida hata kuduwaa kukiisha, kwa hiyo tumeanza upya kuuliza. Inawezekana yule daktari wa kwanza alikuwa amepatia nusu. Safari hii fomu ya maswali imekwenda kwa mwalimu pia, na mwalimu, yule yule wa barua tatu, ameijaza kurasa zote mbili, na pembeni akaandika kwa kalamu nyekundu kwamba mtoto akikaa dawati la mbele anamaliza hesabu.