Mgongo kati ya meza ya kairopraktiki na mkeka wa yoga

Mtu aliyeamka kiuno kimekaza, hata kufunga viatu ni shughuli, hana haja na nadharia. Anataka nafuu. Ndiyo siri ya meza ya kairopraktiki: unalala kifudifudi, tabibu anapapasa pingili za uti wa mgongo, anasukuma mara moja kwa ghafla, kitu kinalia, nawe unainuka ukijihisi mwepesi.

Mlio huo si mfupa uliorudi mahali pake, ingawa wapo wanaouza maelezo hayo. Ni ndugu wa mlio wa kualisha vidole: kiungo kikivutwa, shinikizo la ndani hushuka na uwazi wa gesi hujitokeza. Daniel David Palmer, aliyeanzisha taaluma hii Davenport, Iowa, mwaka 1895, alidai pingili zilizohama ndizo chanzo cha maradhi karibu yote. Dai hilo halikusimama. Lakini mikono ya warithi wake hupunguza maumivu ya kiuno kwa kiasi, na tafiti zimelionyesha hilo mara kadhaa.

Yoga haina haraka hiyo, na kazi yote ni yako. Katika jaribio la Boston lililotangazwa mwaka 2017, watu 320 wenye maumivu sugu ya kiuno waligawanywa makundi, na wiki 12 za yoga hazikuzidiwa na fiziotherapia.

Je, tuviunganishe? Waingereza walijaribu jambo linalokaribia hilo. Jaribio lao la BEAM la mwaka 2004 lilikuwa na wagonjwa zaidi ya 1,300. Waliofanyiwa mazoezi peke yake walipata nafuu ndogo kwa miezi mitatu, na kufika mwaka ilikuwa imepotea. Waliosukumwa mgongo kwanza kisha wakafanya mazoezi walipata nafuu ya wastani miezi mitatu, na kidogo yake ikabaki hadi mwaka. Mwaka 2016 mwongozo wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba huko Uingereza, ukakata shauri: tiba ya mikono ikitumika kwa kiuno, iandamane na mazoezi.

Mpinzani atasema mazoezi yale hayakuwa yoga, na kwamba kusukumwa mgongo peke yake hakukuachwa mbali. Ni kweli yote mawili. Mimi bado naegemea kuunganisha, kwa sababu ya hofu. Mwenye kiuno huogopa kuinama, hofu humkaza misuli, misuli ikikaza anaumia zaidi. Siku mbili tatu za wepesi baada ya meza ndizo za kumpandisha mkekani. Asipopanda, amenunua wepesi wa muda, na wiki ijayo ataununua tena.

Hapo ndipo biashara inapoharibu tiba. Anayekuuzia vipindi ishirini na nne vya kulipia kabla, pamoja na picha ya eksirei usiyoihitaji, hana sababu ya kukufundisha kujisaidia. Muulize siku ya kwanza utaacha kuja lini.

Mwalimu wa yoga naye asijione msafi. Kuinama mbele kwa nguvu kunaweza kumvunja pingili bibi mwenye mifupa iliyodhoofika. Tena Uingereza tabibu wa kairopraktiki lazima aandikishwe kwa sheria ya mwaka 1994, ilhali darasa la yoga anafungua yeyote mwenye chumba na mikeka. Kwa uwajibikaji, meza inaushinda mkeka.

Na shingo? Kama kinachouma ni kiuno, shingo iachwe. Kuisukuma kwa ghafla kumehusishwa na kuchanika kwa mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo; ni nadra, lakini hakuna faida ya kulipa hatari hiyo.

Yupo pia mgonjwa asiyefaa mezani wala mkekani: anayepata ganzi sehemu za siri na mapaja ya ndani, mkojo umekataa kutoka au unamtoka bila kujijua, miguu inalegea. Huyo apelekwe hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.