Ploti Iko, Maji Iko, Stima Iko

Siku hizi Nairobi huwezi kukaa mahali dakika tano bila kuuziwa ploti. Kinyozi anakunyoa upande mmoja, anasimama kwanza akuonyeshe picha. Makanga anakurudishia chenji pamoja na kikaratasi. Hata kwenye kundi la WhatsApp la mchango wa mazishi, marehemu bado yuko mochari, mtu anatupa picha ya nyasi kavu na mgunga mmoja: "Joska, 50 kwa 100, hati iko tayari, maji iko, stima iko, mita 200 kutoka kwa lami." Na wale walioshindwa kutuma mia mbili ya jeneza ndio wa kwanza kuuliza kama mtu anaweza kulipa pole pole.

Mimi sina ugomvi na ploti. Nani hataki kumkimbia landilodi? Ugomvi wangu ni na ile bei ya bangoni. Hiyo ndiyo ndogo kuliko zote utakazolipa, na ndiyo pekee unayotajiwa.

Jumamosi asubuhi mnajazwa kwenye gari la bure pale tauni, kila mtu na chupa yake ya maji, mnashika Kangundo Road. Ruai, Kamulu, mnaingia Joska, na kila mkipita jengo kijana mwenye fulana ya kampuni anasema hapa juzi kulikuwa pori. Kisha gari linakata kona, lami inaisha, na zile mita 200 zinaanza kuzaana. Zilipimwa kutoka kwa lami, sikatai, ila ni lami ambayo mheshimiwa aliahidi kwenye kampeni. Zile dakika kumi wanazokutajia kutoka stejini nazo zilipimwa Jumapili alfajiri, barabara kavu, na dereva asiyeogopa kufa.

Washa ramani ya simu ukiwa stejini, hesabu kilomita mwenyewe. Na siku hiyo usilipe kitu, hata wakikuambia zimebaki mbili. Rudi peke yako Aprili au Novemba, mvua ikiwa imenyesha siku mbili mfululizo. Februari kila shamba ni zuri. Aprili ndiyo itakuonyesha kama ile barabara wanayosema ina upana wa mita tisa ni barabara ama ni njia ya maji inayokodishwa kwa magari wakati wa kiangazi.

Ukiwa hapo, watu wa boda ndio masjala ya kwanza ya ardhi. Wao, mama wa kibanda cha chai na mzee wa kijiji. Wanajua ploti ipi imeuziwa watu wawili, ndugu yupi wa mwenye shamba hakuitwa kikaoni, na bikoni zipi, zile alama za mpaka, zilitembea usiku. Nunua chapati, kaa, uliza. Lakini usiseme unanunua, sema unamtafuta jamaa. Ukisema unanunua, kibanda kizima kinageuka mabroka, hadi yule aliyekuwa anaosha vikombe. Tuseme mwenye shamba anataka laki nne. Fundi wa baiskeli anaongeza elfu thelathini, shemeji yake anaongeza thelathini nyingine, na yule wa Nairobi anayekupigia simu kwa sauti ya benki anaongeza arobaini. Inakufikia ikiwa nusu milioni, na bado utaombwa ya mafuta ya pikipiki kwa kuonyeshwa.

Sasa twende kwa vipimo, maana hapo ndipo waliopita hesabu KCSE huanguka. Ekari moja ni futi za mraba 43,560. Gawanya kwa nane, maana ploti huitwa "moja ya nane" ya ekari, unapata 5,445. Ploti ya futi 50 kwa 100 ni 5,000. Unaona 445 zimebaki kwa kila ploti, unasema sawa, hiyo ni barabara. Ngoja kwanza. Ekari iliyo mraba kamili ina upande wa futi karibu 208. Pitisha katikati barabara ya mita sita, ambayo ni kama futi 20. Zinabaki futi 188, yaani 94 kila upande. Hizo 100 za kwenda nyuma utazitoa wapi, kwa jirani? Ule upana wa 208 ukiugawa mara nne unapata 52. Kwa hivyo "50 kwa 100" yako ni 52 kwa 94, futi za mraba 4,888. Barabara ikiwa ya mita tisa, unashuka hadi elfu nne mia sita na kitu. Ndiyo maana hati nyingi za "moja ya nane" husomeka hekta 0.045, ambazo ni kama futi za mraba 4,840. Na huyo ndiye muuzaji mwaminifu! Mwingine anakupa 40 kwa 80 na kuiita moja ya nane bila kupepesa macho. Hiyo ni 3,200. Zile 1,800 zilizopotea zingetosha nyumba ya vyumba vitatu na mahali pa kuanika nguo.

Kwa hivyo nenda na utepe mrefu na mtu wa kushika upande ule mwingine. Pima pande zote nne, kisha pima mshazari mara mbili, kona hadi kona. Ploti ya 50 kwa 100 iliyonyooka, mishazari yote miwili ni karibu futi 112. Mmoja ukiwa 118 na mwingine 105, ploti imelala upande, na nyumba yako itakuwa na pembe inayomtazama jirani vibaya. Na bikoni si jiwe lililopakwa rangi nyeupe Ijumaa jioni. Ni zege lenye chuma katikati, lililowekwa na seveya mwenye leseni kulingana na ramani. Lipa seveya wako. Yule aliyekuja na muuzaji ataona kile muuzaji anachoona.

Karatasi nazo! "Hati iko tayari" mara nyingi ni hati mama, ile ya shamba lote, na yako itazaliwa Mungu akipenda. Ndiyo maana unafanya sachi rasmi, yaani unaiuliza masjala ya ardhi kuhusu namba ya shamba. Itakuonyesha jina la mwenyewe, ukubwa, kama kuna benki inayodai, na kama kuna mtu ameweka kizuizi. Ardhisasa, mfumo wa serikali wa ardhi mtandaoni, ilizinduliwa Aprili 2021 ikaanza na Nairobi, lakini Joska ni Kaunti ya Machakos, kwa hivyo usishangae mambo ya huko yakikosekana kwenye masjala ya Nairobi. Na sachi si chanjo ya utotoni. Ifanye kabla ya kutia sahihi, na uifanye tena kabla ya kutoa pesa za mwisho, kwa sababu kizuizi kinaweza kuwekwa hapo katikati.

Jina kwenye hati likiwa la marehemu, simama. Kijana atakuambia mzee alimgawia kabla hajafa na kijiji kizima kinajua. Kijiji hakitoi hati. Mpaka mahakama imtambue msimamizi wa mirathi na cheti chake kithibitishwe, jambo ambalo kwa kawaida husubiri miezi sita baada ya kupewa, huyo kijana hata kuku wa mzee hana ruhusa ya kuuza.

Halafu kuna Bodi ya Kudhibiti Ardhi. Shamba la kilimo haliuzwi bila kibali chake. Ombi linapaswa kupelekwa ndani ya miezi sita tangu mkataba, na kibali kikikosekana mkataba unakufa, unabaki kudai pesa zako kama deni la kawaida. Muuzaji anafika mbele ya bodi, na mwenzi wake anatakiwa kukubali pia. Hiyo ndiyo siku utakayojua ana wake wangapi. Yule uliyetambulishwa anakubali, kisha mlangoni anaingia mwingine na watoto watatu na kitambulisho.

Ushuru wa stempu ni asilimia 2 mashambani na 4 mjini. Kwa ile nusu milioni ni elfu kumi ama elfu ishirini, isipokuwa mthamini wa serikali aone ploti yako ni nzuri kuliko unavyoiona wewe. Ushuru wa faida ni wa muuzaji, asilimia 15 tangu Januari 2023, zamani ulikuwa 5. Atakuambia kwa upole, "hiyo tusaidiane, ndugu yangu." Msaidie kwa maombi. Amana ya kawaida ni asilimia 10, na inapitia kwa wakili, wakili wako, si namba ya simu uliyoisevu "Broka Joska 2".

Tuseme umepona yote hayo. Sasa uko na ploti. Hongera, ndiyo umeanza.

Ua kwanza, la sivyo mbuzi wa kijiji watakufanya malisho. Mzunguko ni futi 300. Nguzo kila futi kumi ni nguzo 30. Seng'enge mistari minne ni futi 1,200, kama mita 366. Dukani uliza urefu wa roli, usikubali kuuziwa kwa kilo peke yake, maana roli mbili za uzito sawa, ya waya mwembamba na ya waya mnene, hazina urefu sawa. Nguzo ishuke chini futi mbili. Mti usiotiwa dawa mchwa wanaumaliza ukiwa bado unalipa mkopo wa sako. Na nguzo za kona zikikosa mhimili wa kuzishikilia, seng'enge ikivutwa zinainama ndani zote nne, waya unalegea, na mbuzi wanarudi wakiwa na wageni.

Udongo ndio umbea ambao hakuna anayekuambia. Sehemu kubwa ya huko, na kule Kitengela na Isinya pia, ni udongo mweusi ule wa kunata. Ukilowa unavimba, ukikauka unapasuka hadi mkono unaingia. Ukijenga juu yake, ufa unaanzia kona ya dirisha na kupanda ngazi ngazi kwenye matofali. Dawa ni kuuchimba wote hadi ufike kwenye murramu ama mwamba, halafu ujaze mawe na murramu iliyoshindiliwa. Fundi akisema "tujaze tu huu huu tuliochimba, uko mwingi", mlipe ya siku hiyo aende. Kabla hata ya kununua, lipa kijana achimbe shimo moja la futi nne. Muuzaji akikataa shimo, ameshajibu.

"Maji iko" ni paipu iliyolala kando ya barabara ikisubiri kama sisi. Kisima cha kuchimbwa kipo, lakini maji mengi ya huko ni ya chumvi na yana floridi. Tazama meno ya watoto waliokulia hapo. Yakiwa na madoa ya kahawia, usidhani ni chai, ni maji. Kwa hivyo unaita boza. Boza la lita 10,000 ni mitungi 500 ya lita ishirini, familia ya watu watano wakitumia mtungi mmoja kila mtu kwa siku, ni siku mia. Hesabu tamu, ila una tangi la lita 1,000, na lori lenye tani kumi za maji halipandi udongo mweusi siku ya mvua. Kwa maneno mengine, maji huja vizuri sana siku ambazo hakuna mvua ya kukinga.

Stima nayo. Mradi wa kusambaza umeme wa mwaka 2015 ulikuwa wa waliomo ndani ya mita 600 kutoka kwa transfoma, kwa shilingi 15,000. Kwa hivyo tafuta transfoma, si waya. Waya mkubwa ukipita juu ya ploti si baraka. Chini yake huruhusiwi kujenga, ndiyo sababu ikauzwa bei ya kutupa.

Wachache mliohamia mnaunda chama cha wakazi, kwa sababu Wakenya wawili wakikutana lazima awepo mweka hazina. Mchango wa murramu, mchango wa askari wa usiku, mchango wa taa ya kona. Wanaolipa ni watano waliojenga. Wale arobaini wenye vichaka wako Umoja na Kayole wakisubiri bei ipande, na kwenye kundi ndio wanaoandika "barabara imefika wapi?"

Mwishowe unapaka maandishi mekundu ukutani: PLOTI HII HAIUZWI. Ni lazima, kwa sababu usipoandika kuna siku mgeni atakuja na hati na lori la mawe. Unaongeza namba yako ya simu chini, ili mwenye swali aepuke udanganyifu. Na simu zinaingia, mchana na usiku, watu wapole kabisa, wanakusalimu, wanaulizia familia, kisha wanasema: "Nimeona ile ploti yako haiuzwi. Sasa, bei ya mwisho ni ngapi?"